Kamera Isiyo na Mgongo

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kompyuta nilirithishwa tu. Mwalimu aliyekuwa akizifundisha alipata uhamisho, na mkuu wa shule akanikabidhi ufunguo wa kile chumba akisema, "Wewe Madam hutulii, utaziweza." La kutotulia alisema kweli. Nikikaa kwenye kiti cha ofisini, punde nimesimama dirishani. Nikiwa dirishani nakumbuka chaki. Nikifuata chaki najikuta uwanjani nawafokea wanafunzi kwa kosa ambalo bado hawajalifanya.

Kwa hiyo ilipotokea nafasi ya mafunzo mjini Shinyanga, ya walimu kujifunza kitu kinachoitwa uhalisia pepe, jina lililopelekwa lilikuwa langu. Nilimweleza mume wangu jioni alipokuwa ananawa miguu uani, tope la rangi ya majivu likitiririka hadi kwenye mpapai.

"Uhalisia wa mapepo?" akauliza.

"Pepe. Si pepo."

"Mwalimu, angalia wasije wakakupagawisha huko," akasema, akacheka kicheko chake cha siku zote, cha mtu mwenye kifua kipana asiye na neno na mtu.

Mume wangu ni mchimbaji. Kwao ni Samuye, alikulia nyuma ya ng'ombe, na ukimwuliza atakwambia yeye bado ni mfugaji, aliyekwenda machimboni mara moja tu kutafuta mtaji. Hiyo mara moja imemla ujana wake. Kwetu kuna rashi, yaani ule mkimbio wa watu kwenda palipotoka dhahabu mpya. Rashi ilisikika Rwamgasa, akawa Rwamgasa. Ikasikika Mwakitolyo, akaja huku Mwakitolyo, nami nikaomba uhamisho kumfuata. Nyumba yetu iko karibu na shule, na kutoka uani unasikia karasha zikisaga mawe tangu asubuhi. Anashuka kwenye duara, ndivyo tunavyoyaita yale mashimo marefu ya dhahabu, na mambo ya duarani hayaleti nyumbani. Niliwahi kumwuliza kukoje huko. "Chini ni chini," akajibu, akaomba chumvi.

Mkufunzi wetu alikuwa binti kutoka Dar es Salaam, mdogo kwangu kwa miaka mingi, mwenye kuongea haraka na kuvaa raba nyeupe ambazo vumbi la Shinyanga lilizimaliza siku ile ile ya kwanza. Hakuanza na maelezo. Alinikalisha kwenye kiti kinachozunguka, akanivalisha miwani nyeusi kubwa kama kifaa cha mchomelea vyuma, akakaza mkanda kisogoni.

Nikajikuta juu ya paa la jengo refu. Sisemi niliona picha ya paa. Nilikuwa juu ya paa. Nikigeuka kushoto, mji, kulia, mji, juu, mawingu yanatembea. Nikatazama chini nione nimesimama wapi, nikakosa miguu yangu. Palikuwa na saruji tupu pale nilipopaswa kuwa. Nilipiga ukelele, nikamshika mkufunzi gauni, na ukelele wenyewe ukatoka kwa Kisukuma: "Mayu wane!" Mama yangu! Walimu wenzangu wakaangua kicheko. Nilipovuliwa ile miwani kichwa kiliendelea kuzunguka, ikabidi nitoke nje nikatapike chai yote nyuma ya tangi la maji.

Mkufunzi alinifuata na chupa ya maji. "Ni kawaida, dada. Macho yanasema unaenda, masikio yanasema umekaa. Mwili unachanganyikiwa."

"Na miguu yangu ilikwenda wapi?"

"Kamera ilikuwa kwenye stendi. Ukivaa miwani, unakuwa pale ilipokuwa kamera. Hakuna mtu pale, kwa hiyo hakuna miguu."

Jibu hilo lilinikera siku nzima. Nilirudi kuvaa miwani mara nyingine, na nyingine, hadi tumbo likanyamaza.

Kamera yenyewe ilinishangaza kwa udogo. Inaenea kiganjani, ina jicho mbele na jicho nyuma, yote mawili yametokeza kama ya chura, na kila moja linaona zaidi ya nusu ya dunia iliyolizunguka. Kompyuta inazichukua picha hizo mbili na kuzishona ziwe moja. Mkufunzi alipenda neno hilo, kushona, akatuonyesha mshono unapopita: mtu akisimama karibu mno na kamera pale kwenye mshono, uso wake unakatika kama kitenge kilichoshonwa ovyo. Akatuonya kuhusu urefu pia. Ukiiweka kamera chini, mtazamaji anakuwa mtoto anayetambaa. Ukiinyanyua mno anakuwa twiga. Iweke urefu wa macho. Na usitembee nayo, akasema akinitazama mimi, maana watu watatapika.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa jiko la chuo. Niliisimamisha kamera katikati ya masufuria, nikajificha nyuma ya mlango, nikabonyeza kwenye simu. Mpishi aliuliza atazame wapi, nikamwambia asonge ugali wake tu. Kisha nikapiga ghala la chakula, na bwalo. Kwenye kompyuta tulifundishwa kuweka alama ndogo juu ya kila mlango, ili mwenye miwani akiikazia macho alama ile ajikute chumba cha pili. Mwalimu mmoja wa Ushirombo, mtu mzito asiyecheka hovyo, alipovaa jiko langu alinyoosha mkono kufunika sufuria. Nilitembea siku ile kwa fahari, kama niliyejifungua.

Sasa, mkufunzi aliziita picha hizo "picha za duara". Kila akisema duara, sisi tuliotoka upande wa machimbo tunacheka. Mwishowe akaniuliza kulikoni, nikamweleza duara kwetu ni nini.

"Enhe," akasema, "na ndani yake kukoje?"

Mimi ninayefundisha madini kila mwaka, ninayechora shimo ubaoni kama kisima cha maji, ninayelala na mwanaume anayetoka humo kila siku.

"Sijui," nikamwambia. "Wanawake hatushuki."

"Basi unajua cha kupiga picha," akasema, akaenda kumsaidia mwingine.

Nilirudi nyumbani na miwani ya kubaki nayo na kamera ya kuazima. Chuo kiliazimisha shule zetu kwa zamu, na zamu ya kwanza niliing'ang'ania mimi. Nilimwomba mume wangu anipelekee kamera chini, kwa ajili ya somo. Alikata tonge, akalichovya, akalirudisha sahanini.

"Msimamizi akikubali," akasema, kwa sauti ya mtu anayejua msimamizi hatakubali.

Msimamizi wa duara lao alikuwa mzee mwembamba aliyeketi juu ya magunia chini ya turubai. Kulikuwa na kamba imezungushwa pale, mwisho wa wanawake kufika. Watu husema dhahabu ikisikia harufu ya mwanamke inahama.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, Mwalimu. Simama hapo hapo."

Nikamweleza kuhusu wanafunzi, mawe, na jinsi mabinti wanavyosoma madini hatua chache kutoka machimboni bila kuwahi kuuona mwamba. Akaomba aione hiyo kamera. Akaigeuzageuza mkononi.

"Hii inazaa?"

"Haizai."

"Basi ishuke."

Vijana kwenye rola, ile mashine ya kuvutia kamba, walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mume wangu hakucheka. Alitazama buti zake.

Nilimwelekeza upande wangu wa kamba: simamisha stendi urefu wa macho yako, sogea mbali kidogo, bonyeza kwenye simu, subiri, usiiguse.

"Niielekeze wapi?"

"Popote tu, Baba. Popote."

Akaifunga ndani ya shati, akashika kamba ya rola, akapotea kwanza miguu, halafu kifua, halafu ile kofia ngumu ya njano. Mimi nikaenda kukaa kwenye banda la mama lishe. Nikasimama. Nikaenda hadi kwenye kamba, nikarudi, nikaagiza chai, nikasimama tena.

"Mwalimu, kaa basi," mama lishe akasema. "Unanichosha mimi."

Mume wangu alipotoka alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kope. Akanipa kamera kwa mikono miwili. "Nimekuonyesha mwamba," akasema. "Utauona wenyewe, una mstari mweupe kama meno."

Nilizishona zile picha Jumamosi mchana kwenye chumba cha kompyuta, peke yangu. Zilikuwa picha kadhaa za kutulia na video moja. Nikaiweka video kwenye simu, simu nikaichomeka kwenye miwani, nikaivaa.

Giza kwanza. Kisha mwanga wa taa ya kichwani ukatua ukutani, na kweli mstari mweupe ulikuwepo, umepinda ndani ya jiwe la kijivu. Mbele kidogo wachimbaji wawili walikuwa wakigonga patasi, migongo inang'aa kwa jasho. Sauti ilikuwa nzito, iliyofungiwa. Kila pigo lilirudi. Kuta zilikuwa karibu kiasi kwamba nilivuta viwiko ndani. Nilikaa pale nikitazama mwamba kama mume wangu alivyotaka niutazame.

Halafu nikageuka nyuma. Sikuwa na sababu. Ndivyo nilivyo, na ndivyo miwani ile inavyokuruhusu.

Alikuwa pale. Alikuwa amekwenda kusimama nyuma ya kamera, kama wapiga picha wote wanavyosimama nyuma ya kamera, akiamini kwamba kule haonekani. Vijiwe vidogo vilidondoka juu ya kofia yake, tik, tik. Aliinua uso. Juu yake palikuwa na matimba, ile miti inayozuia jiwe lisishuke, na mti mmoja ulikuwa umepasuka kwa urefu wake, umepigiwa kabari. Aliweka kiganja juu ya mti ule polepole, kama anavyompapasa ng'ombe mgonjwa tumboni. Akasubiri. Mkono ukaanza kutetemeka. Akaushika kwa mkono wa pili, na wa pili nao ukatetemeka, akaifutika yote miwili kwapani akafumba macho. Midomo ilikuwa inaenda, lakini patasi zilikuwa zinalia, sikusikia anasema nini. Uso ule sikuufahamu. Nimezaa na mtu huyu, nimemwuguza malaria, nimemwona akimzika baba yake, na uso ule sikuwahi kuuona.

Vijiwe vikaacha. Akafumbua macho, akajipangusa, na mbele yangu nikamwona akivaa tena uso wa nyumbani, kama mtu anayevaa shati haraka wageni wakibisha hodi. Akaja kuelekea kamera akitabasamu. "Haya, Mwalimu," sauti yake ikasema karibu na sikio langu, "umeona mwamba wako?"

Nilivua miwani, nikaizunguka shule mara sijui ngapi juani.

Nilimwambia wakati wa kula. Sikujua njia nzuri. "Baba, ile kamera haina mgongo," nikasema. "Inaona nyuma kama inavyoona mbele."

Akaacha kutafuna.

Kesho yake, baada ya ibada, alikuja nami shuleni na nguo zake za kanisani. Nilimkalisha kwenye kiti, nikamvalisha. Aliutazama mwamba muda mrefu. Kisha kichwa kikaanza kugeuka, kikaenda kikarudi, kikaganda. Nilijua alichokiona.

"Huyu mzee ni nani?" akauliza, na hakuwa anatania.

Alipovua miwani hakunitazama. "Ulinipeleka na jicho la kunichungulia."

"Nilikwambia uielekeze popote."

"Uliniambia popote. Hukuniambia kote."

Alisimama, akanyoosha shati, akafika mlangoni. "Wanafunzi wasinione," akasema, akaondoka.

Kulikuwa na njia. Mkufunzi alitufundisha kuificha stendi kwa kiraka: unachukua kipande cha sakafu iliyo karibu, unakibandika juu ya miguu ya stendi, mtazamaji hajui. Nilifanya hivyo kwa mume wangu. Nilichukua jiwe la kijivu kutoka pembeni yake nikamfunika nalo, nikalainisha kingo, nikakata na sauti yake ya mwisho. Ilinichukua jioni kadhaa, kwa sababu kila nikimfunika mkono, kofia inatokeza. Nyumbani tulikuwa tunaongea habari za maji na mkaa tu. Alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anatoka nje, anarudi ndani, anatoka tena, na mimi nilikuwa nimelala macho nikimsikiliza.

Nilipomaliza nikamwita. Akavaa. Safari hii hakuutazama mwamba kabisa. Aligeuka moja kwa moja pale alipokuwa amesimama. Akainama kidogo, kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Niko wapi?"

"Nimekufuta. Si ndivyo ulivyotaka?"

Wenzake wawili walikuwa bado wanagonga, nilisikia patasi kwa mbali kutoka kwenye simu. "Mwalimu," akasema hatimaye, "ndivyo patakavyokuwa siku nisipotoka. Watu wanagonga tu."

Akavua, akanikabidhi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka na hakuificha. "Nirudishe," akasema.

Nilimrudisha siku ile ile. Ilikuwa kazi ya dakika, kiraka kinabanduka kirahisi kuliko kinavyobandikwa. Kisha akafanya jambo ambalo sikumwomba. Aliichukua miwani na simu akaenda nayo duarani. Nilimfuata hadi kwenye kamba. Wachimbaji walikaa kwenye magunia wakapokezana. Wale wawili waliokuwa kwenye picha walijitafuta wao kwanza, wakacheka kuiona migongo yao. Kila aliyevaa, mume wangu alimwambia jambo moja tu: "Nitafute mimi, halafu utazame juu ya kichwa changu." Vicheko vilikatika kimoja baada ya kingine.

Msimamizi alivaa wa mwisho. Kutoka nilipokuwa nilimwona mzee amekaa chini ya turubai, uso kauelekeza juu, kinywa wazi, miwani nyeusi inamfunika hadi puani.

"Niliambiwa matimba yale yamebadilishwa," akasema alipovua.

Hakuna aliyejibu. Ndipo akaamuru watu wote watoke chini. Kazi ilisimama mpaka miti mipya ikaletwa na kufungwa, na kwa kuwa asiyechimba hali, baadhi ya vijana walinipita njiani bila salamu siku hizo zote. Niliwaelewa. Mke wa mmoja wao aliniuliza sokoni kama nimeridhika sasa, akaondoka kabla sijafungua mdomo.

Somo lenyewe nililifundisha kidato cha tatu. Nilikuwa nimeunganisha zile picha kwa alama: kutoka mdomo wa duara, kushuka, hadi kwenye njia ya chini, hadi kwenye mwamba. Mume wangu nilimwalika aje kujibu maswali ya mawe. Alikaa dawati la nyuma, magoti yamegonga ubao, amevaa shati lake la kanisani. Sikumwuliza kama yuko tayari. Niliogopa atasema hapana.

Niliwaanza mabinti. Wa kwanza alipiga mayowe, wa pili akacheka, wa tatu alikuwa binti mtulivu ambaye huwa namsahau nikiita majina. Aliugeuza mwili wote kwenye kiti, akatulia.

"Madam," akasema, "kuna mtu nyuma. Anaogopa."

Nilishafikiria sentensi kadhaa kabla ya siku ile na zote zikanikimbia.

Kiti kikakwaruza sakafu kule nyuma. "Huyo ni mimi," mume wangu akasema.

Wanafunzi wote waligeuka, isipokuwa yule binti, ambaye alikuwa bado yuko chini.

"Nilikuwa nasikiliza mti," akasema. Kiswahili chake, akiwa mbele za watu, hurudi Samuye. Maneno hutoka mazito. "Mti kabla ya kukatika unalia. Ukitia mkono unausikia." Akamtazama yule binti. "Na kuogopa, ndiyo, nilikuwa naogopa. Naogopa kila siku."

"Pole, baba," binti akasema akiwa bado na miwani, akiuambia ukuta wa jiwe.

"Wabeja, ng'wanawane," akamjibu. Asante, mwanangu. Akakaa, kisha akakumbuka alichoitiwa, akasimama tena akaanza kueleza kwa nini mstari mweupe hupinda, na alieleza vizuri kuliko ninavyochora mimi.

Tangu siku hiyo alianza kuniletea mambo ya chini. Sikumwuliza. Anaosha miguu, anasema leo hewa ilikuwa nzito, leo maji yameanza kuchuruzika upande wa mashariki, leo nilisali. Nilikuwa nimeyatamani mambo hayo miaka yote, na nilipoyapata nilishindwa kukaa kwenye kigoda kuyasikiliza, nilikuwa nachota maji yasiyohitajika, nakunja nguo zilizokwisha kukunjwa, huku nikisema, "Enhe, endelea." Naye akaendelea.

Masika yalipoingia, maji yaliifuata ile njia ya chini na duara likafungwa. Haikupita muda ikasikika habari ya Rwamgasa. Nilimwona akiisikiliza simu amesimama mguu mmoja, kama korongo, nikajua.

"Unaogopa, na bado unaenda," nikamwambia.

"Nikikaa nitafanya nini? Wewe ukikaa unafanya nini?"

Nilimfungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko, akapanda basi la Geita.

Kamera ilishaenda shule nyingine. Nimeomba irudi, na mkufunzi ameahidi, kwa ile haraka yake. Sasa nawafundisha walimu wenzangu wa huku kushona picha, na wengi wanatapika, nami nawafuata na chupa ya maji.

Wiki iliyopita mume wangu alinitumia kitu kutoka Rwamgasa. Alikuwa amejizungusha mwenyewe na simu yake ya kawaida juani, nje ya duara jipya, akipiga picha moja baada ya nyingine, kisha akazituma zote nizishone. Mkono ulikuwa unapanda na kushuka. Kwenye mshono wa kwanza mlima umekatika vipande, rola inaelea, na mwenzake mmoja aliyekuwa anapita ametokea mara tatu, mara ya mwisho bila kichwa. Chini ameandika: Mwalimu, hii ni juu tu, ya chini inakuja. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu wa hesabu akaja kuuliza. Nikamwonyesha, nikavuta kiti, nikaanza kurekebisha, kwanza kile kichwa kilichopotea, na kengele ya kipindi changu ikalia nikiwa bado nakitafuta.